Majina Arobaini na Matatu ya Ukurasa wa Maji

Jumatano, 5 Julai 1905

Leo nimehesabu wadudu mia mbili na kumi na wanne. Wekundu watupu, wale wanaotoboa vitumba na kuitia pamba madoa. Watu wanaopita njia ya Bungu wakiniona nimechutama kondeni wananiuliza nimeangusha nini. Nawaambia nahesabu. Wanacheka. Kicheko hakiniumi, mgongo ndio unaoniuma.

Bwana Chupa ameridhika. Jina lake la Kijerumani linakwama kooni, na kwa kuwa kila dudu analitia kwenye chupa ya spiriti, watu wamembatiza hivyo. Anajua, wala hachukii. Mwezi wa tatu sasa niko naye. Kazi: kujua nini kinaharibu mazao, na dawa gani inafaa. Yeye anauliza habari za pamba, maana pamba ni amri ya serikali, kila kaya na kipande chake. Watu wanajibu habari za mahindi ya mlau, yale yapandwayo mafuriko ya mto yakipungua, maana mahindi ndiyo chakula. Mimi niko katikati, natafsiri huku na huku, na kila upande unaniona mjinga.

Sasa jambo zito. Kipande kimoja tu hakina wekundu wengi. Bwana anataka kujua sababu. Kaniambia: kamuulize mwenyewe, yule mama.

Yule mama ni Siti binti Kibwana. Mama mkwe wangu! Tangu nimuoe Mwanajuma sijasimama mbele yake. Nikimwona njiani naingia porini, naye hugeuka na kujifunika. Nimuulize habari za kunguni wa pamba?

Jumamosi, 8 Julai

Limefanyika. Mwanajuma ndiye aliyelitengeneza.

Tulikwenda kondeni asubuhi na baridi. Mama mkwe kakaa nyuma ya kiwambo cha makuti, mgongo kwetu. Bwana anauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, mimi nakinyoosha na kumwambia Mwanajuma, Mwanajuma anamwambia mama yake, ambaye yuko hatua nne na amekwisha kusikia yote. Jibu linarudi njia hiyo hiyo. Bwana mwisho akaniuliza kwa upole kama mama huyu ni kiziwi.

Dawa yenyewe ni hii. Mama mkwe huokota mbegu za msufi, akazirundika pembeni mwa konde, vichungu vitano sita. Wekundu wanapenda msufi kuliko pamba. Wakija kujazana, alfajiri wamezubaa kwa baridi, anawamwagia maji ya moto. Basi. Kila siku nne anarudia.

Bwana akawa anacheka peke yake. Kafunua kichungu kimoja kwa fimbo, wekundu wamefurika, kapiga magoti suruali nyeupe kwenye tope. Kasema amesoma vitabu miaka sita na hakuna aliyemwambia. Nikalitafsiri hilo, na nyuma ya makuti nikasikia mama mkwe anaguna. Alifurahi, namjua mgunaji.

Akataka kujua nani alimfundisha. Jibu: hakuna, niliwatazama tu.

Jumatatu, 10 Julai

Leo Bwana kanipa kanuni. Kila konde namba yake. Kila konde miche kumi, kila mche vitumba vyote. Na kila dawa ukurasa wake: majivu, maji ya tumbaku, chokaa, vichungu vya mama mkwe. Konde la mama mkwe ndilo namba moja — kaamuru mwenyewe, kwa heshima.

Daftari ni mawili. Lake lina namba na hesabu tu, kwa Kijerumani. Langu lina majina, kwa hati zetu za Kiarabu za chuoni, ambazo yeye hazisomi. Kaniambia neno lisilo na mwenyewe ni porojo, kwa hiyo andika mwenyewe ni nani. Nikaandika kama maalimu wetu alivyotufunza: jina, jina la baba, jina la babu, kitongoji, na konde liko upande gani wa mto. Hati yangu imetulia kweli. Hata nikijisifu peke yangu hapa, nani atanicheka?

Alhamisi, 13 Julai

Mtu anaitwa Maneno kaja kutoka juu ya mto na dawa mpya. Ni maji. Anayabeba kwenye vibuyu, ndani mna punje za mtama na mahindi. Unakunywa kidogo, unapaka usoni, yanayobaki unanyunyiza kondeni. Nguruwe hawaingii, wadudu wanakufa, mavuno yanakuwa mengi. Watu wanakwenda kwake makundi kwa makundi, mchana kweupe.

Hili halinishangazi. Hapa kila konde lina fingo lake, hirizi ya kulilinda, na tangu serikali ikataze nyavu za kuwindia nguruwe wanakula mlau kama wamepanda wao. Mtu afanyeje? Mfa maji hukamata maji.

Nikamwambia Bwana. Nilidhani atakasirika. Akasema: dawa ni dawa, ipimwe kama nyingine. Fungua ukurasa.

Jumapili, 16 Julai

Siku tatu nimezunguka, Bungu mpaka karibu na kivuko cha Ndundu. Arobaini na watatu wametia maji kondeni na wamekubali kuandikwa. Wengine wameuliza unaandika ya nini. Nimewajibu: tujue inafaa au haifai, inayofaa tuwaambie na wengine. Wakasema haya, hilo jambo jema. Mzee mmoja kanisomea mwenyewe mababu zake mpaka wa tano ili nisikosee.

Mama mkwe naye katia. Nilishangaa, mtu wa maji ya moto! Mwanajuma kaniletea maelezo: katia nusu ya konde, nusu kaiacha kavu, mpaka kauwekea kamba ya ukindu. Anataka kuona mwenyewe. Sikumfundisha hilo. Wala Bwana hakumfundisha. Nilipomwambia Bwana alivua kofia, na mama mkwe hayupo.

Nimemwandika wa kwanza kwenye ukurasa wa maji, namba yake ile ile.

Jumatano, 26 Julai

Hesabu imekwisha. Kwenye makonde ya maji, wekundu kwa wastani kumi na tisa kwa miche kumi. Kwenye makonde yasiyo na kitu, kumi na nane. Viwavi vya mahindi hali kadhalika. Nguruwe wameingia kwa Mwinjuma na kwa Johari, na wote wawili walinyunyiza.

Konde la mama mkwe, aliyeacha maji ya moto siku hizi ili apime haki: upande wa maji ishirini na mmoja, upande mkavu ishirini. Aliwahesabu kabla yangu kwa kutia kokoto kwenye kikapu, tukatofautiana dudu mmoja. Kamwambia Mwanajuma: "Mwambie mumeo maji yanayoua dudu ni yaliyochemka."

Nikawaeleza watu wawili watatu. Hawakubishana. Mwinjuma kasema maji haya hayakuletwa kwa ajili ya wadudu peke yake, akaondoka. Sikupenda alivyolisema.

Jumanne, 1 Agosti

Habari kutoka Umatumbi. Wameng'oa pamba. Sasa wanasema Samanga imechomwa moto, maduka na nyumba. Na maji ni hayo hayo! Wanasema yanageuza risasi kuwa maji.

Bwana hakutoka leo. Alikaa anapanga chupa zake na kuzipangua.

Mwanajuma kaniambia jambo moja tu wakati wa kula: lichome lile daftari. Nikamjibu ni daftari la wadudu. Akasema wewe unajua ni la wadudu. Nikakasirika. Wiki tatu za mgongo wangu zimo mle, na hesabu yake ndiyo peke yake katika nchi hii inayosema kweli juu ya maji.

Ijumaa, 4 Agosti

Baada ya swala nimepita kondeni. Pamba imeng'olewa njia nzima, imelazwa kwa mistari, mizizi juu. Mahindi hayakuguswa. Konde la mama mkwe nalo limeng'olewa. Aling'oa mwenyewe, kasema Mwanajuma, kabla vijana hawajaja wakamkanyagia mlau.

Vichungu vya msufi vimebaki. Wekundu wamejaa, hawana habari.

Mrisho, mjomba wake Mwanajuma, kanifuata mpaka nyumbani. Mtu mpole, hana makuu. Kasema baba, jina langu limo, na la mwanangu limo, twakuomba ukurasa ule uutoe. Nikamweleza kwa adabu kwamba daftari ni mali ya kazi, kurasa zina namba, ikitoka moja itajulikana. Tena halisemi mtu kapigana, linasema mtu katia dawa shambani. Kaniitikia, kashukuru, kaondoka.

Kashukuru!

Jumatano, 9 Agosti

Mvua ya vuli bado, lakini leo kumenyesha. Bwana kalichukua daftari langu kalitia kwenye sanduku lake la chuma, na chupa, lisilowe. Sanduku lina kufuli.

Jumatatu, 14 Agosti

Askari wamefika. Wengi sana, na Luteni mmoja kijana mwenye homa. Wamepiga kambi mbele ya nyumba ya Akida, mkubwa wa serikali hapa kwetu. Mwinjuma na vijana wengine hawaonekani tangu wiki iliyopita. Waliobaki ni wazee, wanawake, na watu kama mimi.

Jioni Bwana kaniita, uso umemng'aa. Kasema amepata njia ya kuokoa watu wengi. Amemwambia Luteni habari ya ukurasa wa maji. Makonde arobaini na matatu, hesabu kamili, wala dudu mmoja hakufa kwa maji yale. Ukisomwa hadharani watu watajua wamedanganywa, wataweka silaha chini. Tena yuko mama mmoja mwenye akili, aliyeyapima kabla yetu, yeye atasimama shahidi.

Nilimwuliza Luteni kasema nini.

Kasema vizuri sana. Anataka majina.

Bwana alikuwa bado anatabasamu. Nikamwambia: Bwana, hao atawafanya nini? Akasema watapelekwa bomani waulizwe maji wameyapata wapi, basi, kuulizwa tu. Nikamwambia bomani wananyonga watu. Akasema si watu wa wadudu. Kisha akakaa kitandani, akauliza polepole kama sina njia ya kumwambia Luteni kwamba daftari limepotea. Lakini alikwisha kumwonyesha. Na alikwisha kumwonyesha daftari lake mwenyewe, lenye namba moja hadi arobaini na tatu.

Hakuna mtu mbaya kati yetu sote wawili. Hilo ndilo linalonikera.

Jumanne, 15 Agosti

Amri: ninakili majina peke yake, karatasi moja, wino mzuri, namba moja hadi arobaini na tatu. Yasomwe kesho alasiri barazani. Kila atakayetajwa atoke mbele. Mussa, karani wa Akida, atalinganisha nakala na daftari, maana naye anasoma hati zetu.

Nimepewa daftari. Nimelifungua ukurasa wa maji. Siti wako wengi Rufiji nzima. Siti binti Kibwana bin Dadi wa kitongoji hiki, konde la kaskazini ya mto, ni mmoja. Nilimfungia mlango kila upande kwa hati yangu nzuri. Na hao wengine vivyo hivyo. Naona haya. Hata kuandika naona haya.

Adhuhuri Mussa kaja. Alisimama muda, anasoma juu ya bega langu. Namba kumi na saba ni shangazi yake aliyemlea, nilikuwa nimesahau. Kasema kwa sauti ya chini:

"Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Utakachoandika wewe, mimi nitasema ndicho. Lakini majina yawe arobaini na matatu, na yawe ya hapa."

Nikamwuliza nitayapata wapi majina ya hapa yasiyomuua mtu.

Kasema Luteni ni mgeni. Akida ni mtu wa Bagamoyo, ana mwaka mmoja hapa, hajazika na sisi hata mara moja. Kisha akaenda zake.

Halafu nikaelewa.

Mwanajuma akamweleza mama yake. Alasiri yote tumekaa, mama mkwe ndani, mimi ukumbini, kiambaza katikati. Mwanajuma mlangoni anapokea majina. Marehemu. Wa ndui ya mwaka juzi. Aliyechukuliwa na mamba. Waliokufa uzazini. Mama mkwe anawajua wote kwa makonde yao: fulani alilima pale penye mkunazi, fulani jirani yake, alikuwa mvivu wa kupalilia Mungu amrehemu. Hakosei. Nikikosea kitongoji anagonga kiambaza kwa kidole. Kila jina analimalizia kwa kumwombea mwenyewe dua, na mimi naandika.

Magharibi tulikuwa na ishirini na tisa.

Jumatano, 16 Agosti

Asubuhi kumi na tatu. Jumla arobaini na wawili, wote wako chini ya ardhi. Wasipotoka mbele na Luteni akitaka kuwakamata, Mussa atasema wamekimbilia porini. Watu barazani watasikia wafu wao wanaitwa mmoja mmoja, na watanyamaza. Nina hakika watanyamaza.

Mmoja bado. Mstari wa kwanza.

Bwana analijua konde namba moja. Kapiga magoti pale. Luteni amekwisha kuambiwa habari za yule mama mwenye akili, na leo asubuhi kauliza yuko wapi. Nikiandika marehemu hapo, Luteni atamwuliza Bwana huyu ndiye? Na Bwana hawezi kusema uongo. Najua, nimemwona akijaribu. Uongo wa mstari mmoja ukionekana, wataipekua yote arobaini na miwili, wataletewa msomaji mwingine.

Nikasema kwa Mwanajuma, ili asikike ndani: avuke mto leo hii, nduguye Shaabani yuko Salale, anakata mikoko, mle ndani hapatikani mtu. Mwanajuma alisema mama, twende.

Mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu niingie katika nyumba hii alisema na mimi mwenyewe, bila mtu katikati.

"Mkwe wangu, niandike. Nikitoroka watalitafuta lile daftari lenyewe. Nikiwapo mimi mmoja wa kweli, wengine watasadikiwa."

Nikasema mama, watakuuliza maji umeyapata wapi.

"Nitawaambia nimeyatia nusu ya konde. Na hesabu yake naijua."

Nililia, sisemi uongo kwenye karatasi yangu. Mwanajuma hakunitazama. Sijui kama atanitazama tena.

Saa tisa. Mussa kaja mara ya kwanza, kasema meza imewekwa barazani na watu wamekusanywa. Nimemwambia wino haujakauka. Kachungulia karatasi, kaona pengo juu, kainamisha kichwa, katoka.

Labda niende kwa Bwana. Labda nimwombe aseme mara moja tu kwamba konde namba moja lilikuwa la mtu mwingine, kwamba alichanganya. Kasimama dirishani kwake, namwona kutoka hapa. Hana kofia. Kama nitaomba nitaomba sasa.

Mussa mara ya pili. Kasimama uani tu.

Mlango wa ndani umefunguliwa. Mama mkwe ametoka, kaniki mpya, kaifunga kichwani vizuri. Kapita ukumbini karibu yangu kabisa. Hakunigeukia, wala mimi sikuinua macho. Mwanajuma kamshika mkono, naye kautoa taratibu, akamwambia mahindi ya upande wa mto yavunwe, yasipitilize wiki hii, viwavi vimeanza.

Ameshuka njia ya barazani peke yake. Mstari wa kwanza bado uko wazi. Kalamu ninayo, na sijaandika, na yeye kesha fika penye mkunazi